Kutoka Gome la Mti Hadi Kompyuta: Historia ya Dawa za Uvimbe

Leo tuweke kando kidogo habari za chanjo na lishe, tusimuliane historia. Ni historia ya dawa, na mwisho wake utafika nyumbani kwako, hadi kwenye kile kikopo unachowekea dawa za watoto.

Huenda umesikia habari hii redioni au ukaisoma kwenye simu: kompyuta imegundua dawa mpya. Jirani yako anayeugua baridi yabisi anauliza dawa hiyo inauzwa wapi. Mwenye mtoto wa pumu naye anataka kujua kama ya pumu imepatikana. Ni maswali mazuri. Ili tuyajibu vizuri, tuanze mbali.

Uvimbe ni nini?

Mtoto wako anaanguka akicheza, goti linachubuka. Kesho yake goti limevimba, lina joto na linauma ukiligusa. Usifikiri mwili umeharibika. Askari wa mwili wamefika kazini. Damu imeongezeka pale, maji yamejaa, na chembe nyeupe za damu zinapigana na vijidudu vilivyoingia. Baada ya siku chache kazi inakwisha, askari wanarudi kambini, na goti linapona.

Shida huja askari hao wanapokataa kurudi kambini, au wanapoanza kumpiga mwenye nyumba. Wakishambulia viungo, mtu hupata baridi yabisi. Njia za hewa zikivimba kila mara, hiyo ni pumu. Ngozi ikivimba na kuwasha bila kukoma, hiyo ni ukurutu. Uvimbe tunaouzungumzia leo ni huu, wala si ule wa saratani. Na usidhani baridi yabisi ni ya wazee peke yao. Hata mtoto mdogo anaweza kuipata.

Swali ambalo binadamu amejiuliza tangu zamani ni hili: tutawatulizaje askari hawa bila kuwaua?

Gome chungu

Wewe unaujua mwarobaini na uchungu wake. Kule Uingereza kuna mti uitwao mwerebi, unaopenda kuota penye maji. Kasisi mmoja, Edward Stone, alilionja gome lake akaona ni chungu kama gome la mti unaotoa kwinini. Alilikausha kwenye mfuko kando ya tanuri la mwoka mikate kwa zaidi ya miezi 3, akalisaga, akawapa unga wake watu wapatao 50 waliokuwa na homa. Mwaka 1763 aliwaandikia wanasayansi wa London kuwaeleza jinsi lilivyowasaidia.

Ilipita zaidi ya miaka 130. Mwaka 1897 mkemia Felix Hoffmann, wa kampuni ya Bayer huko Ujerumani, alitengeneza dawa iliyo jamaa ya ile iliyomo katika gome hilo. Mwaka 1899 ilipewa jina la aspirini. Ilituliza homa, maumivu na uvimbe, ikaenea dunia nzima.

Hata hivyo, hakuna aliyejua inafanyaje kazi. Ni mwaka 1971 tu ambapo mwanasayansi Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza kemikali fulani zinazoleta uvimbe na maumivu. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Hesabu mwenyewe, mama: watu walimeza aspirini miaka zaidi ya 70 kabla ya kujua inakwenda wapi mwilini.

Na kuna jambo lingine ambalo halikujulikana. Mwaka 1963 daktari Douglas Reye wa Australia alieleza ugonjwa wa kutisha wa watoto. Mtoto anapona mafua, kisha ghafla anatapika mfululizo, anachanganyikiwa na kupoteza fahamu. Ubongo unavimba na ini linaharibika. Miaka ya 1980 mwanzoni, uchunguzi huko Marekani ulionyesha kwamba wengi wa watoto hao walikuwa wamepewa aspirini walipougua mafua au tetekuwanga. Tangu mwaka 1986 onyo liliandikwa kwenye pakiti za aspirini huko. Wazazi waliacha kuwapa watoto. Msimu wa 1979 hadi 1980 Marekani iliripoti wagonjwa 555 wa ugonjwa huo. Kati ya mwaka 1994 na 1997 hawakuzidi 2 kwa mwaka.

Shika jambo hilo, tutalirudia. Dawa ilikuwa ile ile, na ilikuwa nzuri kwa watu wazima. Kilichookoa watoto ni watu waliokaa, wakahesabu, wakalinganisha.

Furaha ya kotisoni na machozi yake

Tusonge hadi tarehe 21 Septemba 1948, Marekani, katika hospitali ya Mayo. Mwanamke wa miaka 29, ambaye baridi yabisi ilikuwa imemlaza kitandani, alidungwa dawa mpya. Baada ya siku chache alikuwa anatembea, akatoka kwenda madukani. Fikiria furaha ya siku hiyo. Dawa hiyo ni kotisoni. Daktari wake, Philip Hench, pamoja na wanasayansi Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1950, miaka miwili tu baadaye.

Kisha bili ikaja. Waliotumia dawa hiyo kwa wingi na kwa muda mrefu walivimba uso, mifupa ikadhoofika, sukari ikapanda, na vijidudu vikawashambulia kwa urahisi. Watoto walichelewa kukua. Dawa iliwanyamazisha askari wote, wazuri na wakorofi kwa pamoja.

Watoto wa kotisoni wako nasi mpaka leo. Predinisoloni na deksamethasoni ni wa ukoo huo, na dawa iliyomo katika pampu nyingi za kukinga pumu pia ni ya ukoo huo. Tafadhali usiogope pampu ambayo mtoto wako ameandikiwa. Kipimo chake ni kidogo na huenda moja kwa moja kwenye mapafu. Kinachotuumiza ni vidonge vinavyonunuliwa bila ushauri, na krimu za kupakwa usoni kila siku bila kujua zina nini.

Kumfunga askari mmoja

Madaktari walijiuliza: badala ya kuwanyamazisha askari wote, je, tunaweza kumkamata yule mmoja anayechochea fujo? Huko London, Marc Feldmann na Ravinder Maini walimtambua mchochezi mmoja katika viungo vya wagonjwa wa baridi yabisi. Kwa kifupi huitwa TNF. Mwaka 1992 waliwapa wagonjwa wa kwanza dawa ya kumfunga, na viungo vikatulia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 dawa hiyo, infliksimabu, ilikuwa imeruhusiwa.

Lakini yule mchochezi alikuwa pia mlinzi. Ndiye husaidia kuifungia ndani TB iliyojificha mapafuni. Mwaka 2001 madaktari waliripoti wagonjwa 70 waliopata TB baada ya kuanza infliksimabu. Tangu hapo mtu hupimwa TB kabla ya kupewa dawa za aina hiyo. Kwetu Kenya, ambako TB bado iko majumbani, kipimo hicho ni kitu cha lazima.

Unaona mtindo wa historia hii, mama? Kila mara dawa inakuja na furaha. Madhara yake yanajulikana baadaye, kwa kuwaangalia watu.

Kompyuta yaenda shule

Sasa tumefika kwenye kompyuta. Nikuulize: ulijuaje kilio cha mtoto wako cha njaa na kile cha maumivu ya tumbo? Hakuna aliyekuandikia sheria. Ulikisikia mara nyingi, ukakosea, ukasahihishwa na mtoto mwenyewe, hadi sikio lako likazoea.

Kompyuta siku hizi hufundishwa karibu hivyo hivyo. Inaonyeshwa mifano maelfu kwa maelfu. Inabahatisha, inaambiwa imekosea, inajirekebisha kidogo, inabahatisha tena. Mafunzo hayo hupita tabaka nyingi ndani ya programu, moja juu ya nyingine, ndiyo maana wataalamu huyaita kujifunza kwa kina. Ni tawi moja la kile tunachokiita akili bandia.

Mwaka 2012 kampuni ya dawa ya Merck ya Marekani ilitangaza shindano. Washindani walipewa orodha ndefu za kemikali na kuombwa wakadirie ni zipi zitafanya kazi dhidi ya vitu fulani mwilini. Waliotwaa ushindi ni kikundi cha George Dahl, mwanafunzi wa Profesa Geoffrey Hinton wa Toronto, Kanada. Hawakuwa wataalamu wa dawa. Walitumia kujifunza kwa kina. Kampuni za dawa zikashtuka, zikaanza kuwaajiri watu wa kompyuta.

Hatua nyingine kubwa ilikuja mwishoni mwa mwaka 2020. Programu iitwayo AlphaFold, ya kampuni ya DeepMind ya London, iliweza kukadiria umbo la protini za mwili kwa usahihi uliowashangaza wataalamu. Protini ni kama kufuli, na dawa ni kama ufunguo. Ukijua umbo la kufuli, unaweza kuchonga ufunguo. Kufikia mwaka 2022 maumbo zaidi ya milioni 200 yalikuwa yamewekwa wazi kwa wanasayansi wote. Kazi hiyo ilipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2024.

Jaribio la Korona

Unakumbuka tarehe 13 Machi 2020, tulipotangaziwa mgonjwa wa kwanza wa Korona hapa Kenya? Zaidi ya mwezi mmoja kabla ya siku hiyo, huko London, kampuni iitwayo BenevolentAI ilikuwa imeiuliza kompyuta yake swali. Kompyuta hiyo ilikuwa imesomeshwa maandishi mengi mno ya utabibu, ikaunganisha habari za magonjwa, protini na dawa kama mtu anayefuma mkeka. Swali lilikuwa: kati ya dawa tulizo nazo tayari, ipi inaweza kuzuia kirusi kuingia mapafuni, na pia kutuliza uvimbe?

Jibu moja liling'aa: barisitinibu. Hii ni dawa ya vidonge ya baridi yabisi, iliyoruhusiwa Ulaya tangu mwaka 2017. Wanasayansi hao walilitangaza pendekezo hilo katika jarida la Lancet mwezi wa Februari 2020.

Je, wagonjwa walipewa siku iliyofuata? Hapana, dawa ilijaribiwa kwanza. Katika uchunguzi mmoja wagonjwa 1,525 waliolazwa waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa barisitinibu, wengine vidonge visivyo na dawa ndani, na wote wakapata matibabu ya kawaida. Baada ya siku 28, kati ya kila 100 waliopewa dawa walifariki 8. Kati ya 100 ambao hawakupewa walifariki 13. Uchunguzi mkubwa zaidi wa Uingereza, wenye wagonjwa 8,156, ulipata tofauti ndogo zaidi: 12 dhidi ya 14. Mwezi wa Januari 2022 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipendekeza dawa hiyo kwa wagonjwa mahututi wa Korona.

Basi kompyuta ilikuwa sahihi, na tuipe heshima yake. Lakini tazama kalenda. Kompyuta ilihitaji siku chache kutoa jina. Watu walihitaji karibu miaka miwili kulithibitisha, tena kwa dawa iliyokwisha kujulikana, na dunia nzima ikiwa na haraka.

Na hapo katikati kuna jambo la kutufunza unyenyekevu. Mwezi wa Juni 2020 uchunguzi huo huo wa Uingereza ulitangaza kwamba deksamethasoni, mjukuu wa kotisoni, ilipunguza vifo kwa theluthi moja kati ya wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Ilithibitishwa kwa njia ile ile ya kasisi Stone, ila kwa uangalifu mkubwa zaidi: wape watu, hesabu, linganisha.

Siku kompyuta iliposhindwa

Kampuni hiyo hiyo iliyopata sifa kwa barisitinibu ilikuwa pia na dawa ya kupaka kwa ajili ya ukurutu. Kompyuta yake ilikuwa imeonyesha mahali pa kulenga ili kuzima mwasho na uvimbe wa ngozi kwa pamoja. Mpango ulipendeza kwenye karatasi. Mwezi wa Aprili 2023 matokeo ya majaribio kwa wagonjwa yalitoka. Dawa haikuwa na madhara ya kutisha, lakini haikupunguza mwasho wala uvimbe kuliko mafuta yasiyo na dawa.

Wazee husema dalili ya mvua ni mawingu. Kompyuta ni hodari wa kuona mawingu. Lakini wewe mkulima unajua kwamba si kila wingu linaleta mvua, na hakuna anayepanda mbegu zake zote kwa sababu ya wingu moja.

Kwa upande mwingine, kuna mawingu yanayotia moyo. Upo ugonjwa wa mapafu kuota makovu, ambao mgonjwa hupungukiwa pumzi mwaka hadi mwaka. Kampuni ya Insilico Medicine ilitumia akili bandia mara mbili: kutafuta mahali pa kulenga, kisha kubuni dawa yenyewe, rentosetibu. Mwezi wa Juni 2025 matokeo ya wagonjwa 71 huko China yalichapishwa. Baada ya wiki 12, waliopewa kipimo cha juu zaidi waliongeza pumzi kwa wastani wa mililita 98. Hiyo ni kama vijiko 20 vidogo vya kupimia dawa ya mtoto. Waliopewa vidonge visivyo na dawa walipungukiwa mililita 20, yaani vijiko 4. Ni habari njema. Lakini watu 71 ni wachache, na wiki 12 ni muda mfupi. Majaribio makubwa zaidi yanahitajika kabla hatujasema dawa imepatikana.

Na watoto wetu je?

Hapa ndipo historia inapofika mlangoni pako. Aspirini ilitufunza kwamba mtoto si mtu mzima mdogo. Dawa iliyothibitishwa kwa baba haijathibitishwa kwa mtoto. Barisitinibu ilijaribiwa kwa watoto peke yao, na mwaka 2023 ndipo Ulaya ilipoiruhusu kwa watoto wa miaka 2 na zaidi wenye baridi yabisi ya watoto. Hiyo ni miaka 6 baada ya kuruhusiwa kwa watu wazima. Kuchelewa huko ni ulinzi.

Kumbuka pia kwamba kompyuta hujua kile ilichoonyeshwa tu. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za urithi wa mwili zinazotumiwa duniani zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Watu wa Afrika ni wachache mno humo. Kwa hiyo siku moja ukiombwa wewe au mtoto wako mshiriki katika uchunguzi wa dawa, usikimbie, na pia usikubali kabla ya kuelewa. Uliza: Dawa hii imejaribiwa kwa nani? Madhara yake ni yapi? Nani ameidhinisha uchunguzi huu? Je, ninaweza kujitoa wakati wowote? Una haki ya kujibiwa kwa lugha unayoielewa, na una haki ya kukataa bila kunyimwa matibabu.

Sasa turudi kwa jirani yetu anayeuliza dawa ya kompyuta inauzwa wapi. Mwambie hivi: kompyuta huonyesha njia, lakini anayethibitisha ni mgonjwa aliyekubali kujaribiwa na daktari aliyehesabu kwa uaminifu. Mtu akikuuzia sokoni au kwenye simu "dawa ya akili bandia" ya baridi yabisi, pumu au ukurutu, ujue anakuuzia wingu. Fedha hiyo ipande matatu ikupeleke kliniki.

Mambo ya kukumbuka

1. Usimpe mtoto au kijana wa chini ya miaka 16 aspirini, isipokuwa daktari ameiandika kwa ugonjwa maalumu. Soma pakiti, kwani dawa nyingine za mafua na maumivu zina aspirini ndani yake.

2. Mtoto akivimba kiungo, akichechemea au akiamka amekakamaa kila asubuhi, mpeleke kituo cha afya. Usimkande tu na kungoja. Akiwa na homa pia, au akikataa kabisa kutumia mguu au mkono huo, mpeleke siku hiyo hiyo.

3. Usinunue predinisoloni au deksamethasoni bila kuandikiwa. Na kama mtoto amekuwa akizitumia kwa muda, usizikatize ghafla. Uliza kwanza jinsi ya kuzipunguza.

4. Mtoto wa pumu aendelee na pampu yake kama alivyoelekezwa, hata siku anapojisikia vizuri. Akivuta pumzi kwa shida hadi hawezi kuongea au kunyonya, hiyo ni dharura.

5. Kabla ya kuanza dawa kali za kupunguza kinga, mwambie daktari kama nyumbani kuna mtu mwenye kikohozi cha muda mrefu au TB.

6. Ukisikia dawa mpya, uliza maswali matatu: Imejaribiwa kwa watu? Imejaribiwa kwa watoto? Imesajiliwa hapa Kenya?

Kasisi Stone alikuwa na gome, tanuri na watu 50. Wa leo wana kompyuta zinazopekua mamilioni ya kemikali. Lakini wote wanaishia pale pale, mbele ya mgonjwa, wakimwuliza: unajisikiaje leo? Nawe mama ndiwe unayejua kwanza jibu la mtoto wako. Liangalie, likumbuke, na umweleze daktari.